UZI: Muvi za Agosti 2025, ipi itavuna na ipi itabuma? Weka namba zako mapema

#1 MtuWaVuga, Jumanne 29 Julai

Wakuu salaam aleikum. Julai ndo hio inakata roho, ilianza na Jurassic World Rebirth tarehe 2, tarehe 11 ikaja Superman, Ijumaa iliyopita Fantastic Four, yani kila ukigeuka kuna mtu kavaa nguo ya kubana anaokoa dunia. Sasa Agosti inaingia na naona watu washaanza kusema mwezi huu hauna kitu. Yakhe, vitu vimo, ila havijapigiwa ngoma tu.

Naweka msimamo wangu mapema ili mjue mnabishana na nini. Agosti si mwezi wa muvi kubwa, ni mwezi wa muvi inayosemwa. Watoto Marekani wanarudi skuli, kampuni pesa za matangazo zishaliwa Mei na Juni huko, kwa hio inayobaki hai ni ile ambayo mtu akitoka tu mlangoni anampigia mwenzake simu. The Sixth Sense ilitoka Agosti 1999 ikakaa kileleni wikiendi tano mfululizo. It Ends With Us mwaka jana tarehe 9 Agosti, bajeti dola milioni 25, ikaondoka na kama 350 dunia nzima. Na msiniletee Suicide Squad ya 2016, najua ilifungua na 133 na rekodi ya Agosti bado iko nayo, lakini angalieni wiki ya pili ilivoporomoka, zaidi ya asilimia 65.

Hesabu zenyewe: za Hollywood ninazokisia nataja dola milioni, Marekani na Canada, Ijumaa mpaka Jumapili ya wikiendi ya kwanza, na zile shoo za Alhamisi usiku wao wanazitia ndani ya Ijumaa. Na pesa ya tiketi haiendi yote kwa mwenye muvi jamani. Marekani anabakiwa na kama nusu, China ni robo tu, na pesa ya matangazo haimo kwenye bajeti mnayoisoma mitandaoni. Ndo maana watu huzidisha bajeti mara mbili na nusu ndo waone kama muvi imejirudisha. Si aya hio, ila inasaidia.

Haya tuingie.

TAREHE 1. The Bad Guys 2, katuni ya DreamWorks, wale mbwa mwitu na nyoka wezi. Ya kwanza 2022 ilifungua na karibu 24 ikafika 250 duniani. Hii imetumia kama 80 ambayo kwa katuni ni bei ya sokoni kabisa, Pixar wanatumia zaidi ya mara mbili. Naipa 24. Katuni haina haraka, watoto wataenda mpaka skuli zifunguliwe.

Siku hio hio The Naked Gun, Liam Neeson na Pamela Anderson. Wenye umri wanamkumbuka Leslie Nielsen, zilikuwa tatu, 1988, 1991 na 1994. Kichekesho kitupu, na vichekesho sinemani vimekuwa adimu miaka hii, vyote vimehamia Netflix, mtu anacheka peke yake na simu. Bajeti kama 42. Trela yake nimecheka peke yangu mpaka nimeulizwa nyumbani kuna nini. Naipa 20.

TAREHE 8 ndo pana ugomvi. Weapons, ya kutisha, ya Zach Cregger aliyetengeneza Barbarian 2022 kwa milioni 4 na nusu ikaingiza 45. Watoto 17 wa darasa moja wanatoka majumbani mwao saa nane na dakika 17 usiku wanakimbilia gizani, anabaki mmoja. Basi, trela haisemi zaidi ya hapo na hapo ndo walipocheza vizuri, maana siku hizi trela inakusimulia muvi yote mpaka mwisho. Na angalieni nani anaitoa: Warner. Hawa tangu Aprili hawajakosea, Minecraft, Sinners, Final Destination, F1 waliyoisambaza kwa niaba ya Apple, kisha Superman. Bajeti 38. Naipa 34.

Inapambana na Freakier Friday, Lindsay Lohan na Jamie Lee Curtis, mama na mtoto wanabadilishana miili tena, safari hii na wajukuu wamo. Ya 2003 iliingiza 160 duniani. Disney wamefanya akili kuipeleka sinemani badala ya kuizika kwenye Disney Plus. Naipa 27, itakuwa ya pili.

TAREHE 14, Alhamisi. Hapa ndo penyewe. Kesho yake India wana siku yao ya uhuru, na siku moja wanaachia mbili: War 2 ya Hrithik Roshan na Jr NTR, na Coolie ya Kitamil ya Rajinikanth. Kwa sie wa visiwani hii ndo mechi ya mwezi, Hollywood ni mchezo wa kupashia misuli.

Kwa asojua hesabu zao: krori moja ni laki mia, yani milioni 10. Rupia kama 87 kwa dola. Kwa hio ukisikia krori 100 ni kama dola milioni 11 na nusu. Msije mkaona krori 500 mkadhani imeipiga Avatar.

War ya kwanza 2019 ilifika kama krori 475 duniani. Ni familia moja ya muvi za majasusi na Pathaan iliyovuka 1,000 mwaka 2023, na Tiger 3 iliyoishia kama 460 mwaka huo huo. Mnaona hio ngazi ilivo? Inashuka. Watu wamechoka na majasusi wanaoruka na pikipiki juu ya ndege. Wamemtia Jr NTR ili wavute Andhra na Telangana kwa watu wa Kitelugu, wazo zuri, kwa sababu baada ya muvi ya RRR yule mtu kule ni mfalme. Lakini Coolie nao wamemchukua Nagarjuna, nyota mkubwa wa Kitelugu, wamemfanya adui. Wamezibana pande zote hawa. Tena yumo Upendra wa Kikannada, yumo Aamir Khan, muongozaji Lokesh Kanagaraj aliyetengeneza muvi za Vikram na Leo, muziki wa Anirudh, ule wimbo wa Monica ushawatoa watu jasho tangu mwezi huu.

Namba zangu, dunia nzima mpaka mwisho wa safari: Coolie krori 580, War 2 krori 420.

TAREHE 15 Nobody 2, Bob Odenkirk baba wa watu anayepiga watu. Ya kwanza iliingiza 57 mwaka 2021 majumba yakiwa nusu yamefungwa kwa korona, bajeti 16. Safari hii muongozaji Timo Tjahjanto wa Indonesia, kwa hio damu itakuwepo ya kutosha. Naipa 13.

Wiki ya mwisho sina maneno mengi, Caught Stealing na The Roses tarehe 29, kila moja naipa 8, na Jaws inarudishwa kwa miaka 50 na wallahi nahisi papa wa 1975 anaweza kuwauma wote wawili.

Haya wekeni zenu. Mshindi wa zile za Hollywood ni atakaekuwa karibu zaidi kwa jumla, tunajumlisha tofauti. Mwenye tofauti ndogo kashinda. Za Kihindi tunazihesabu mbali.


#2 ChakeKwetu, Jumanne 29 Julai

Mkuu umeandika vizuri lakini umemruka tembo. Fantastic Four imefungua na 117 juzi, sasa wiki hii ya pili unadhani hizo katuni zitaigusa? Itachukua 60 na itakaa juu mpaka Weapons ije. Marvel safari hii wametengeneza muvi ya familia, mke wangu kaangalia trela kapenda, na yeye Marvel hazijui.

Namba zangu Bad Guys 20, Naked Gun 25, Weapons 25, Freakier 30, Nobody 18.


#3 MtuWaVuga, Jumanne 29 Julai

@ChakeKwetu 60 maana yake imeshuka chini ya asilimia 50. Superman ambayo watu wameipenda zaidi ilishuka kama 53 wiki yake ya pili. Muvi za mashujaa mashabiki wake wote wanajazana Ijumaa ya kwanza ili wasisimuliwe, Jumatatu hamna mtu. Captain America ya Februari na Thunderbolts ya Mei mwaka huu zote zimeishia karibu na 400 duniani, zamani Marvel hio walikuwa wanaipata kabla hawajamaliza kunywa chai. Mie naipa 45 wiki ya pili, na hapo nimeihurumia.


#4 BintiMalindi, Jumatano 30 Julai

Samahani kaka MtuWaVuga, naomba nikutie kidole kwenye hesabu zako. Unasema Agosti ni mwezi wa muvi inayosemwa, ukatoa mfano wa It Ends With Us. Sawa. Sasa nani aliyeijaza ile? Wanawake. Walienda makundi makundi, mama na mtoto, mashoga wa ofisini, wakatoka wanalia wakaenda tena. Kisha kwa Freakier Friday unatwambia "itakuwa ya pili" kwa mstari mmoja na nusu, huku Weapons umeiandikia hadithi nzima. Nyie wanaume mkiona muvi haina bastola wala jini mnaihesabu ni ya kujazia.

Waliokuwa na miaka kumi 2003 leo wana thelathini na kitu na wana watoto wao wa kuwapeleka. Hio ni tiketi tatu kwa nyumba moja. Ya kutisha mtu anaenda peke yake au na mchumba anayetaka kushikwa mkono.

Namba: Bad Guys 21, Naked Gun 15, Freakier 36, Weapons 30, Nobody 10, Caught Stealing 7, Roses 6. Naked Gun nimeipa kidogo kwa sababu vijana hawamjui huyo Leslie wenu, na Liam Neeson kwao ni yule baba aliyetekewa mtoto.

Na War 2 msiidharau. Hrithik akitokea tu dakika tano za mwanzo pesa yangu isharudi.


#5 MtuWaVuga, Jumatano 30 Julai

@BintiMalindi hoja ya tiketi tatu kwa nyumba moja ni nzito, naikubali. Lakini hoja ya tiketi ya familia ina upande wa pili: mama mwenye watoto haendi Ijumaa usiku, anaenda siku akipata nafasi, wiki ya pili, ya tatu, Jumanne ya bei rahisi. Kwa hio Freakier inaweza kuishia na pesa nzuri tu bila ya kufungua na 36. Ya kutisha ni kinyume, vijana wote wanataka kuwa wa kwanza kujua wale watoto walienda wapi. Namba yangu haisogei. Hrithik sijamgusa, nimegusa hadithi.


#6 MzeeWaEmpire, Alhamisi 31 Julai

Vijana salaam. Nimesoma yote, mnazungumza mambo mazuri lakini mnazungumza kama kwamba Zanzibar sinema tumeanza kuiona kwenye simu.

Pale Vuga ilipo Majestic palikuwa na Royal tangu 1921, ikaungua 1954, mwaka uliofuata ikasimama Majestic. Kulikuwa na Empire, kulikuwa na Cine Afrique. Mji mdogo huu. Sikukuu ilikuwa hujavaa nguo mpya kama hujaenda sinema, na ikija ya Kihindi tiketi zinakwisha mapema halafu unazikuta kwa walanguzi nje kwa bei ya kukutoa machozi. Hayo mnayoyaita ya kutabiri mauzo wale walanguzi walikuwa wanayajua bila ya kompyuta. Akinunua tiketi nyingi na picha ikabuma kaliwa yeye, kwa hio alikuwa hakisii ovyo. Anauliza mambo mawili: nani kaimba, na mama zetu wanasemaje. Basi.

Nawakumbusha na jengine. Agosti hii, tarehe 15, Sholay inatimiza miaka 50. Ilitoka 15 Agosti 1975. Na mwanzo wake ilikuwa baridi, waliokuwa wakiuza magazeti wakaandika imekufa. Halafu watu wakaanza kusimuliana, wakayashika maneno ya Gabbar Singh mpaka yakauzwa kwenye kaseti, ikakaa kwenye jumba moja Bombay zaidi ya miaka mitano. Leo mnaizika picha Jumapili usiku.

Kwa upande wangu War 2. Coolie ni ya Kitamil. Kwetu hapa tumelelewa na Kihindi, nyimbo tunazijua hata maana hatuzijui, taarab yenyewe imechota humo. Ukimtilia mama yangu muvi ya Kitamil anakwambia zima hio lugha ya wapi.


#7 MtuWaVuga, Alhamisi 31 Julai

Shikamoo mzee wetu. Hio ya walanguzi imenifurahisha sana, yani sisi tunajifanya wataalamu na kumbe Darajani walikuwepo zamani na pesa yao mkononi.

Na umenikumbusha kitu. Rajinikanth muvi yake ya kwanza kabisa ilitoka Agosti 15 mwaka huo huo 1975, siku moja na Sholay. Kwa hio Coolie inatoka siku moja kabla hajatimiza miaka 50 kwenye kazi. Watu wa Tamil Nadu hawaendi kuangalia muvi hio, wanaenda kwenye sherehe. Wanammwagia maziwa kwenye picha yake wale. Muvi yake Jailer ya Agosti 2023 ilipita krori 600, umri wake sabini na kitu.

Hilo la lugha mzee ni kweli kwa Zanzibar, lakini sie hatumo kwenye hesabu. Pesa ya Kitamil inatoka Chennai, Malaysia, Singapore, Ghuba, Marekani. Coolie wanaitoa na kwa Kihindi pia, lakini wakipata kidogo tu huko kaskazini wameshinda, maana nyumbani kwao wamejaa. War 2 ndo ina kazi, lazima ipate kaskazini NA kwa Watelugu. Ikikosa upande mmoja imekwisha.

Tena kuna Saiyaara. Imetoka tarehe 18 Julai, waigizaji wapya kabisa hakuna anaewajua, mapenzi na vilio, ishapita krori 300 duniani na bado inatembea. Hio ndo picha ambayo walanguzi wa mzee wangeijua: nyimbo kwanza. War 2 wimbo wake uko wapi? Nitajieni mmoja mnaouimba.


#8 Kipanga_Wete, Jumamosi 2 Agosti

Wakubwa mimi nna mambo mawili.

La kwanza, Coolie wamepewa cheti cha A kule India, maana yake chini ya miaka 18 haingii. MtuWaVuga ulijua hili? Rajini ni wa watoto na bibi na babu, nyumba nzima inahamia sinemani. Sasa baba anafika mlangoni na watoto wane anaambiwa rudi nao. Unazitoa krori ngapi hapo? Mie nashusha yangu, Coolie 480, War 2 450. War itashinda kaskazini, Coolie itashinda kusini, na zote mbili zitakosa ile 600 mnayoiota.

La pili, hio ya "mshindi" ni mshindi wa nini? Maana nimeona watu wanaulizana pembeni kila mtu atoe elfu kumi. Jamani hio ni kamari, msitutie kwenye mambo hayo.

La tatu nimelisahau. Ah ndio, sie huku Wete tutaziona lini? Nyie wa mjini mnapanda boti, mwendo wa saa mbili hivi mko Dar, siku hio hio muvi inayotoka Mumbai ipo pale. Mie nikitaka kwenda Ijumaa natakiwa nitoke nyumbani kama ninaenda kuoa. Halafu nasubiri flashi, na flashi ikija ina kichwa cha mtu aliyekaa mbele, anakohoa.


#9 BintiMalindi, Jumamosi 2 Agosti

😂😂 kichwa cha mtu aliyekaa mbele

Kuna moja niliiangalia jamaa mpaka alinyanyuka kwenda chooni, nikajua steringi kafa sijamuona


#10 MtuWaVuga, Jumamosi 2 Agosti

@Kipanga_Wete kuhusu kamari uko sawa, na mimi sikuwaambia watu watoe pesa. Tufanye hivi: zawadi natoa mimi peke yangu, na mimi nikishinda hakuna zawadi. Kilo ya halua. Akishinda mtu wa Pemba nitampa pesa akanunue huko huko Wete, maana kupeleka halua Wete ni kutafuta kutukanwa.

Kuhusu cheti cha A, ndio kinauma. Lakini mbona Animal 2023 ilikuwa ya A na ikapita krori 900? Tofauti ni kwamba ile ilikuwa ya vijana wa kiume tangu mwanzo. Coolie familia itapunguka, nakubali, hasa wiki ya pili. Naiteremsha mpaka 540, hapo nimefunga, tarehe ya kufunga za Kihindi ni 13 usiku kila mtu asome vizuri.

Tena tusisahau mapato yenyewe. Namba za kule zinatangazwa za aina mbili, jumla na ile iliyotolewa kodi, na kila kambi ya mashabiki inachukua inayoipendeza. Jumla ya mmoja wanailinganisha na iliyokatwa kodi ya mwenzake halafu wanatukanana wiki nzima. Humu tunatumia jumla ya dunia nzima, tumalize.


#11 MtuWaVuga, Jumatatu 4 Agosti

Hesabu za wikiendi zimetoka wakuu.

Bad Guys 2 karibu 22. Naked Gun karibu 17. Fantastic Four imeteremka kwa asilimia 66, imebaki na karibu 40. @ChakeKwetu, ile 60 yako ipo wapi kaka? Mke wako mwambie tunamsubiri sinemani.

Msimamo mpaka sasa: BintiMalindi kapishana 1 kwa katuni na 2 kwa kichekesho, jumla 3. Mie 2 na 3, jumla 5. ChakeKwetu 2 na 8, jumla 10. Mtoto wa kike anaongoza.

Naked Gun msiihukumu kwa 17 hio. Imetumia 42, waandishi wameisifu sana, na waliokwenda wametoka wanacheka. Wiki ijayo tutaona. Kitu kinachoniuma ni kwamba kichekesho kinatakiwa kuonwa na watu mia mbili wanaocheka pamoja, na kwa bahati mbaya mwezi ukipita tu kitakuwa kwenye simu.


#12 ChakeKwetu, Jumatatu 4 Agosti

Mke wangu kasema trela ilikuwa nzuri kuliko namba. Tuendelee.

Weapons naipandisha 25 mpaka 38, inaruhusiwa si ndio, haijatoka bado. Nimeona yale matangazo yao, wameweka kamera kama za mlangoni zinazoonesha watoto wanakimbia mikono imetanuka, nimeoneshwa usiku nikafunga madirisha. Nna mtoto umri huo huo.


#13 MzeeWaEmpire, Jumanne 5 Agosti

Leo Senegal na Nigeria wanacheza Amaan, CHAN imekuja mpaka mlangoni kwetu, kwa hio nitakuwa huko na sitojibu mtu mpaka usiku.

Lakini namjibu MtuWaVuga kuhusu wimbo. Umesema War 2 haina wimbo. Kweli nimewauliza wajukuu, hawakunitajia hata mmoja wa War 2, wote wameniimbia huo wa Monica wa Coolie, na maneno yake hawayajui. Hapo nimetikisika kidogo. Ile kanuni ya walanguzi inanigeukia mwenyewe. Hata hivo kwa mama zetu bado ni Hrithik. Naandika War 2 krori 470, Coolie 460. Krori kumi tu zinatosha, ushindi ni ushindi.


#14 BintiMalindi, Jumanne 5 Agosti

Mzee krori kumi ndo nini hio, hio ni kuweka mguu mmoja Malindi mwengine Forodhani 😂

Mie za Kihindi: War 2 520, Coolie 500. Za tarehe 8 zangu hazibadiliki, Freakier 36 Weapons 30, na kaka MtuWaVuga, halua yangu iwe ya lozi.


#15 Kipanga_Wete, Jumatano 6 Agosti

Za Hollywood nimechelewa ila naomba niingizwe kuanzia tarehe 8, zile mbili za mwanzo nipeni adhabu ya 5 kila moja ili isiwe dhulma. Weapons 40. Freakier 29. Nobody 9, kwa sababu ya kwanza watu waliiangalia nyumbani wakaipenda nyumbani, na hii pia wataisubiri nyumbani. Caught Stealing 9, Roses 7. Jaws naiweka juu ya zote mbili. Papa yule wa 1975, ukijumlisha na marudio, kauza tiketi za zaidi ya milioni 260 Marekani peke yake kwa bajeti ya kama 9, na watu wakaogopa kuoga bahari. Mie nimekulia pwani na bado nikipiga mbizi Misali naangalia nyuma.


#16 MtuWaVuga, Jumatano 6 Agosti

@Kipanga_Wete umeingizwa, unaanza na 10, uko sawa na ChakeKwetu. Jaws nimeiandika kwa pembeni, haihesabiwi kwenye jumla kwa sababu ni marudio.

Mwengine yeyote anaetaka Weapons na Freakier aandike kabla ya Alhamisi usiku, zile shoo za mwanzo zikianza kule huku kwetu ni usiku wa manane na sitaki kuona mtu kahariri posti Ijumaa asubuhi anatwambia alikuwa anarekebisha herufi. Ukihariri, hesabu yako imekufa.

Za Kihindi tukutane tarehe 13.